Ukungu wa Jumatatu

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya kupima mkojo lilikuwa kuvilaumu vyombo vyangu. Nikichemsha mkojo, nikadondosha siki, nikaona ukungu mweupe, niliamini testitubu, kile kichupa chembamba cha kioo, haikuoshwa vizuri. Uchafu wangu niliuamini upesi kuliko ugonjwa wa mtu mwingine.

Hiyo ilikuwa Kahama, miaka ya tisini ikianza. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la dawa, karibu na mahali magari ya kwenda machimbo ya Geita yalipopakia watu. Mwenye duka alishinda huko machimboni akiuza dawa. Aliniachia darubini, taa ya spiriti na kitabu cha maabara kilichopoteza jalada. Chuo sikwenda, nilichokijua kilitoka kwenye kitabu kile. Wachimbaji walileta choo na mkojo, wakachukua majibu, wakawahi gari. Hakuna aliyekaa. Kuna siku nilifungua kinywa kwa mara ya kwanza jioni, nikinunua viazi, na sauti ilikuwa imekauka hata muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Aliyekaa alikuwa mmoja tu, mama muuza mchele mwenye kisukari cha miaka mingi. Kila Jumatatu alileta mkojo wa asubuhi katika kichupa cha mafuta ya nywele, amekifunga kwenye pindo la khanga.

"Mwangaluka, daktari wa mikojo," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mama. Kichupa umekiosha?"

"Marahaba. Nimekichemsha kuliko unavyochemsha chai yako. Haya, pika tuone."

Akakaa kwenye benchi, akaniambia habari za mpunga, za madereva wa Isaka wanaopunja, na za mimi kutooa. "Kijana anayesugua kioo namna hiyo, mwanamke gani atathubutu kumwoshea sahani?" Nilicheka kidogo tu, kwa aibu, lakini kicheko hicho nilikaa nacho mpaka Jumatatu iliyofuata.

Nilianza na sukari. Dawa ya bluu, ambayo hugeuka nyekundu sukari ikizidi, ilibaki bluu, siku nyingine ikageuka kijani kidogo; vidonge vyake vya kisukari vilikuwa vinamfaa. Kisha nikapima protini kwa moto na siki, na hapo ukungu ulikuja. Nikamwaga, nikasugua kwa majivu na sabuni, nikarudia. Ukungu tena. "Sukari iko vizuri, mama," nilimwambia, na hilo lilikuwa kweli. La protini nililinyamazia, kwa kuwa sikutaka kutoa jibu la chombo kichafu. Tukaenda hivyo masika yote.

Jumatatu moja alikuja na ndala za mtu mwingine. "Viatu vyangu vimenikataa," alisema. Nilitazama miguu yake. Mikanda ya ndala ilikuwa imezama kwenye nyama.

Nikachukua testitubu ileile, nikatoka uani, nikarudi nayo ina mkojo.

"Sasa huo wa nani?"

"Wangu."

"Na wewe una kisukari?"

"Nataka kujua kama kioo hiki kinadanganya."

Wangu ulichemka ukabaki safi kama maji. Nikaiosha, nikaweka wake. Haukuwa ukungu tena. Ulikuwa mapande meupe, kama ute wa yai uliotiwa kwenye maji ya moto.

"Kinadanganya?" aliuliza.

Nilijua kitabu kinasemaje: protini ikipita kwenye mkojo wa mwenye kisukari, figo zimeanza kushindwa, hata kama hajasikia maumivu. Nilijua pia kwamba nikisema, atapelekwa hospitali kubwa ya Mwanza, na benchi litabaki tupu. Naona haya kuandika kwamba wazo la benchi ndilo lililotangulia.

"Hapana, mama. Kinasema kweli. Figo zako zinavujisha. Uende Mwanza, usingoje wiki ijayo."

"Zimeanza lini?"

"Kabla ya mvua."

Alifunga kichupa chake polepole. "Na wewe muda wote huo ulikuwa unaosha vyombo."

Alikwenda kukaa kwa binti yake huko Mwanza. Nilipofika mjini kununua dawa za maabara nilimtembelea. Uvimbe ulikuwa umepungua, lakini mchele alikuwa amewaachia wengine. Aliniambia daktari kampa vidonge vya presha vya kuzipunguzia figo mzigo, na kwamba kilichoharibika hakirudi, ila kinaweza kwenda taratibu.

"Kasema Ulaya wanapima protini ndogo mno, ambayo moto wako hauioni," alisema. "Wanajua miaka kabla. Huko ungesugua nini, baba?"



Sasa kila asubuhi napima mkojo wangu kwanza, kuhakikisha kioo ni safi. Ukungu ukitokea kwa mtu, namwambia hapohapo, kabla hajakimbilia gari. Jumatatu hakuna anayekaa kwenye benchi.