Kidonda cha Baba, Mpiga Pasi

Baba yangu alikuwa dobi pale Kariakoo. Kutwa alisimama barazani na pasi yake ya mkaa, akinyoosha mashati na kanzu za watu, hata ikifika jioni miguu imevimba na mishipa imechomoza kama kamba. Kidonda kilimtoka juu ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani. Kilianza kama chunusi. Kikapanuka, kikatoa maji, kikanuka.

Majirani walisema amekanyaga tego. Shangazi akaleta mrututu, yale mawe ya buluu, akayasaga na kumnyunyizia.  Baba aling'ata ncha ya shuka, machozi yanamtoka. Kidonda kikazidi kuchimbika.

Kilichomuumiza zaidi ni aibu. Ijumaa moja msikitini, mtu aliyesimama karibu naye alijisogeza pembeni. Baba akarudi nyumbani, na tangu hapo akawa anaswalia chumbani. Mimi, binti yake mkubwa, ndiye niliyemwosha kwa maji ya chumvi. Nilibana pumzi, nikiomba asitambue.

Daktari mmoja wa Kihindi, ambaye Baba alimfulia makoti, alimwona akichechemea, akamkalisha na kuukagua mguu.

"Damu inashuka, lakini inashindwa kupanda," alisema. "Funga bandeji ya kubana, kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti. Kisha ulale, mguu juu ya mito. Usisimame kutwa."

"Daktari, nani anapiga pasi amelala?"

"Basi hutapona."

Asubuhi yake Mama alijifunga kanga kiunoni, akaishika pasi. Wapita njia walicheka: mwanamke barazani na suruali za wanaume! Baba alikuwa chumbani, mguu juu, anasikia yote.

"Mke wangu, iache. Wateja waende kwa dobi mwingine."

"Na sisi tule nini? Wewe lala."

Ilipita miezi kabla ngozi haijafunga, nyembamba, nyeusi, inang'aa. Baba akawahi mno kurudi kwenye pasi. Masika hayajaanza, kidonda kikafumuka palepale.

Safari hii hakubishana. Alimwita Mama, akamkabidhi pasi mkononi, akaniambia nilete bandeji. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kupokea nguo na kuzikunja, amekaa, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Wateja walimsalimu naye akawaitikia vizuri, ila macho yake hayakubanduka kwenye nguo.