RARA SALAMA kwenye foronya

Nimedariziwa foronya nyeupe, na katikati imeandikwa RARA SALAMA.

Nimechoka, lakini hii acha niwaambie.

Leo jioni sisi akina mama tunaodarizi hapa Bugarama tulibadilishana kazi zetu, nyumbani kwangu. Mwenzetu Dafroza, mkimbizi kutoka Burundi, kesho anahamishiwa kambi nyingine. Nikampa kitambaa changu cha meza. Akanipa foronya yake, misalaba midogo midogo ya uzi mwekundu, imepangana vizuri mno. (Na kule kambini wanaishi chini ya turubai!)

Nikasoma. Nikacheka.

"Dada, ni LALA. Umekosea."

Wote wakacheka. Dafroza hakucheka. Akachukua wembe, akainama, akaanza kufumua R ya kwanza.

Heri ningenyamaza.

Ndipo mama yangu, ambaye siku hizi analala mapema, akapita akituaga kwa Kihangaza chetu:

"Murare neza."

Yaani mlale vizuri.

Dafroza akasimamisha wembe. Kirundi chao na Kihangaza chetu ni ndugu. Akaniangalia.

"Na mama yako naye tumfumue?"

Jamani! Walinicheka hadi machozi, Dafroza akiwa wa kwanza.

Wembe nikamnyang'anya, ila R ilishakatika mguu. Nimeurudishia sasa hivi kwa uzi wa bluu, maana ule mwekundu ameondoka nao.

Kwenu mnasemaje? Niandikieni, nitasoma asubuhi. Macho yamechoka.

Murare neza.