Kiwanja Nilichokifinya kwa Mkono

Mwaka ule migomba iliponyauka tukala mihogo asubuhi na jioni, ndipo niliponunua kiwanja kijijini Keza nijenge nyumba yangu ya uzeeni. Binti yangu Yustina alinisihi nitafute fundi kwanza, akikague. Nikamwambia, "Nimelima tangu sijaolewa, fundi hanionyeshi udongo."

Na udongo ulikuwa mweusi, laini, una unyevu hata kiangazi. Niliufinya nikacheka peke yangu kama bibi harusi.

Siku ya kuchimba msingi nikaita fundi na majirani, nikavaa kitenge kipya. Fundi hajachimba hata kina cha magoti, shimo likajaa maji, chura akaruka akatua kwenye kiatu changu.

"Bibi, hapa panafaa magimbi. Kwani hukumwita fundi kabla ya kununua?" fundi akaniuliza.

Nikamtazama chura. Yustina akanijibia, kwa sauti yangu kabisa: "Nimelima tangu sijaolewa, fundi hanionyeshi udongo."