Chuma Mgongoni mwa Mama Agar

Hana kiti. Hana umeme, hana kompyuta, hana msaidizi, na huu ni mwaka wa arobaini na nne hana namna ya kuinama.

Ni saa mbili asubuhi, kando ya ofisi za mji wa Kamina, kusini mwa Kongo. Agar Kapenda, mwenye umri wa miaka 58, anawapigia watu barua kwa taipureta akiwa amesimama. Meza yake imeinuliwa kwa matofali. Akikaa zaidi ya robo saa, maumivu humshuka kiunoni hadi mguu wa kushoto.

Alikuwa na miaka kumi na minne madaktari wa Lubumbashi walipomfunga fimbo ya chuma kwenye uti wa mgongo uliopinda. Aliporudi amenyooka, kanisa lake la Kimethodisti lilimsimamisha atoe ushuhuda kwamba amepona. Huurudia kila mwaka. Wasiomjua humwona ana majivuno, kwa kuwa huwasalimu wazee bila kuinama.

Sasa mgongo umechakaa chini ya chuma. Daktari anasema asipopasuliwa, mguu wa kushoto huenda usimbebe tena. Lakini hatamgusa kabla ya kujua ni chuma gani, kilifungwa vipi. Majibu yamo katika faili la mwaka 1981, hospitalini Lubumbashi. Barua moja ingetosha kuliomba.

Agar huandika barua sita kwa siku. Hii ilimshinda miezi mitano.

"Mama, weye unaandikiaka bantu bote," anamtania Émerence, mke wa askari wa kambini, anayengoja barua ya kupeleka Lubumbashi. "Yako njo utaandika siku gani?"

"Nibaambie nini? Balininyoosha, sasa nibalalamikie? Na ushuhuda wangu?"

"Hata pikipiki inarudiaka kwa mekanisia. Ile njo matusi?"

Agar anacheka kwa mabega tu, kiwiliwili hakitikisiki. Kisha anaingiza karatasi mpya. Mistari miwili ya kwanza ni shukrani. Wa tatu unasema: "Naumwa tangu mwaka 2009, na sikumwambia mtu."

Émerence anamuuliza akipona atataka nini.

"Kiti," anajibu. "Nikae, nipige mashine sawa bantu bengine."

Anakunja karatasi, anaitia katika bahasha, anaipaka bukari, ugali wa jana, mahali pa gundi, anaikandamiza kwa kiganja mpaka inashika. Émerence anaitia mkobani pamoja na yake, anaondoka kuelekea stesheni.