Mwalimu Kwenye Foleni ya Sukari

Enzi za utawala wa kijeshi, foleni ya sukari pale mtaani kwetu Bukoto ilikuwa kimya kama matangani. Asubuhi moja, mwanamke aliyesimama mbele yangu alikuwa akinong'ona Kiingereza, kidole kikifuata mistari ya kitabu. Askari aliyelinda foleni akamsogelea, bunduki begani.

"Wewe nasema nini?"

Sote tukatazama chini.

"Ninasoma, afande. Wiki ijayo nina mtihani wa ualimu wa Kiingereza, wa sekondari. Nitasoma kwa sauti mbele ya watahini."

Askari alikitazama kitabu. "Mtoto yangu iko sekondari," akasema polepole. "Mwalimu yake ya Kingereza alienda Kenya, hakurudi. Basi soma na sauti. Ukianguka, nani atafundisha yeye?"

Mama yule akasoma. Alipojikwaa kwenye l na r, alirudia bila haya. Kufikia ukurasa wa pili sauti yake ilisikika hadi mwisho wa foleni, na watu walioinamisha vichwa wakaviinua.

Baadaye nilisikia amefaulu. Sikushangaa. Aliyekwisha kusoma mbele ya bunduki, watahini wangemtisha kwa lipi tena?