Utelezi Tuliounywesha kwa Ndoo

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa Maji pale Musoma hakunikabidhi spana. Alinipeleka kwenye chujio la mchanga lililohudumia zahanati na vijiji upande wa Nyegina, akaniinamisha ukingoni. Juu ya mchanga kulikuwa na utando wa kijani, unateleza kama kambare. Nikauliza kama niufagie.

"Thubutu!" akasema. "Hao ndio wenye kazi. Mimi na wewe ni vibarua wao."

Akanieleza. Ndani ya utando waliishi bakteria wasiohesabika. Kundi moja lilikula taka za ziwa na kuacha amonia. Kundi la pili liliila amonia hiyo na kuacha nitriti, na la tatu likaidaka nitriti. Mwani uliwapa wote oksijeni. Hakuna aliyejitosheleza: uchafu wa huyu ndio ugali wa yule. Vijidudu vya kuharisha vikipita hapo, vinanaswa na kuliwa. Nywele zilinisimama, wala sioni haya kusema.

Kisha ikaja miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Klorini, dawa ya kuulia vijidudu, ikaadimika, tukabaki na utando peke yake. Kipindupindu kikaingia vijiji vya jirani, na juma hilohilo dizeli ya pampu ikaisha.

"Tufunge koki tusubiri," nikashauri.

"Maji yakisimama watakosa hewa, wafe," Fundi Mkuu akajibu. "Kuota upya ni majuma. Zahanati itakunywa nini?"

Akateremka mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, kuomba watu. Asubuhi wakaja na ndoo. Mama Nyangeta, muuza samaki mwenye ulimi mkali, akachungulia chujio.

"Fundi, sisi tunabebaga maji ya kunywa. Leo tunabeba ya kunywesha utelezi?"

"Mama, utelezi huo ndio unakuchujiaga. Ukifa, binti yako atakayejifungulia zahanati atakunywa ya ziwa hivihivi."

Mama akajitwika ndoo.

Tulipanga mstari kutoka ziwani. Chujioni tulilaza majani ya mgomba juu ya maji, tukamimina juu yake polepole, utando usichanike. Aliyemimina kwa pupa alikutana na Mama Nyangeta: "Taratibu, utawaamsha!" Watu walicheka na kuendelea hadi dizeli ilipoletwa. Sampuli za maji tulizootesha maabara kutafuta vijidudu zilikuwa safi. Binti alijifungua salama, mtoto wa kike.

Baadaye nilihamishiwa Bunda. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, stoo imejaa klorini. "Mzee, siku hizi vijidudu tunaviuaga tu, hatuvifugi," Mhandisi wa Wilaya alinitania. Sikubishana, dawa ile ni nzuri.

Sasa nimestaafu, niko Butiama na ng'ombe wangu wachache. Juzi nilikwenda Nyegina kumzika Mama Nyangeta. Aliyeniletea maji ya kunywa ni yule mjukuu wake aliyezaliwa juma la ndoo, naye sasa ana mwana mgongoni. Nilipokea kikombe kwa mikono miwili, nikanywa yote. Wengi walihangaika ili azaliwe salama, na wengi wao hakuna jicho lililowahi kuwaona.