Wadudu Wangu kwenye Stoo ya Jirani

Nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kioo cha kukuzia. Niliwapenda wadudu wasio na mabawa: si kama kiroboto, ambaye wazee wake waliyapoteza, bali wale ambao ukoo wao haukuwahi kuwa nayo. Chini ya mawe, msituni juu ya shamba letu la kabichi, niliwapata wa aina mbili, wote wenye mikia mitatu. Mmoja ana kibyongo, hujirusha, na macho yake makubwa yamegusana utosini. Mwingine ni bapa, hukimbia, na macho yake madogo yameachana. Nilikuwa nikimkagua mdudu, namfunika, kisha wasiwasi unanirudisha kumkagua upya.

Kuwahifadhi kulitaka spiriti. Mama alinusa chupa moja tu.

"Pombe? Kwenye nyumba inayoswaliwa? Itoe kabla baba yako hajarudi."

Nikazihamishia kwa rafiki yangu, binti wa jirani zetu Walutheri, kwenye stoo yao ya viazi. Kila alasiri nilikwenda huko, naye akikaa juu ya gunia akinitania: "Daktari wa mende, mgonjwa anaendeleaje?" Nilimfundisha yote niliyoyajua.

Kisha akaja mama mmoja mtafiti, akitafuta kijana mwenyeji anayewajua wadudu wadogo, wa kufanya naye kazi msituni msimu mzima. Kazi ya namna hiyo niliiota tangu nimalize kidato cha nne. Nilipiga pasi gauni, nikaenda kuchukua chupa zangu. Nikazikuta mezani sebuleni kwao, mtafiti na rafiki yangu wameketi mbele yake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mwenzako hodari! Kawakusanya wote hawa peke yake. Na wewe unafanya nini?"

Rafiki yangu aliniwahi. "Huyu? Wa hapo jirani. Anapenda kuja kutazama."

Nilimtazama. Akainamia kikombe chake. Stoo ilikuwa yao, na shahidi wangu wa pekee alikuwa yeye.

Jioni alinifuata bombani.

"Jamani, usininunie. Kesho tunaanza. Hebu nielekeze tena: wenye macho yaliyogusana ni wale bapa, eti?"

Ningeitikia tu, angeumbuka mbele ya mgeni wake.

"Hapana. Ni wenye kibyongo."

Nilimrudisha nyuma kila alipokosea, mpaka akapatia. Sikuweza kuvumilia wadudu wale waitwe wasivyo. Na hilo nalo sijamsamehe.